Jinsi ya Kuandaa Gulio la Kubadilishana Vifaa vya Baiskeli Vilivyotumika

Kila kikundi kinapopanga gulio lake la kwanza la kubadilishana vifaa vya baiskeli, maswali yanayonifikia huwa ni yale yale: ruhusa inaombwa wapi, nani anaamua kwamba tairi moja ni sawa na jozi ya pedeli, mtu asiye na kitu cha kuleta aingieje, na aliyeleta kitu kibovu akataliwe kwa maneno gani. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu wiki kadhaa kabla ya siku hadi uwanja unapofagiliwa. Nimeuandika nikiifikiria mitaa ya Dar es Salaam, ambako baiskeli nzito za mizigo za aina ya Phoenix na Hero hupita barabara moja na baiskeli za mtumba zilizoshushwa bandarini kutoka Japani na Ulaya, kila moja ikiwa na vipimo vyake. Walioko Mwanza, Tanga, Mombasa au Kisumu watayakuta mazingira hayo hayo kwa sehemu kubwa.

Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine yote: gulio hujengwa kwenye meza ya mapokezi, kwa kupima na kuandika. Mtu anayerudi nyumbani na tairi lisiloingia kwenye ringi yake amepoteza tairi lake la zamani bila kupata jingine, na pengine hilo ndilo lililokuwa likimpeleka kazini kila asubuhi. Kwa hiyo sehemu ya vipimo hapa chini ni ndefu, na nakuomba usiiruke.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Andaa vitu na watu hawa mapema, kwa kuwa siku yenyewe haitakupa nafasi ya kukimbilia dukani.

- Uwanja wenye kivuli na lango moja au mawili tu, kwa mfano ua wa shule, ukumbi wa mtaa au eneo lililozungushiwa uzio.
- Watu wasiopungua wanane: wawili wa mapokezi, wawili wa kupima, mmoja wa daftari na kuponi, mmoja wa lango la kutokea, na mafundi wawili.
- Meza nne au mbao za kuweka juu ya matofali, na maturubai ya kutandaza chini.
- Daftari kubwa lenye mistari, kuponi zilizopigwa muhuri wa kikundi, utepe wa karatasi wa kubandika, na maka peni kadhaa.
- Rula ya chuma ya inchi 12 au zaidi, utepe wa kupimia, na venia kalipa moja (kifaa cha kupimia kipenyo kwa usahihi).
- Pampu inayokubali valvu za aina zote, na beseni la maji la kupimia tyubu.
- Spana za kawaida, spana zenye umbo la herufi L, bisibisi, kifaa cha kukatia cheni, na matambara.
- Ringi tupu nne za vipimo tofauti, ambazo matumizi yake yameelezwa katika Hatua ya 6.
- Maji ya kunywa na kisanduku cha huduma ya kwanza.

Ukikosa venia kalipa, fundi yeyote wa uchomeleaji au wa mashine jirani anaweza kukuazima. Ukikosa fundi wa baiskeli, ahirisha gulio.

Hatua ya 1: Pata mahali, siku na ruhusa

Nenda kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa na barua inayotaja jina la kikundi, mahali, tarehe, saa, idadi ya watu mnaowatarajia na jina la msimamizi. Eleza wazi kwamba vitu vitabadilishwa kwa kuponi bila kuuzwa, kwa kuwa biashara ya mnada au soko ina taratibu zake tofauti. Uliza pale pale kama mtaa unataka polisi wapewe taarifa, na ukiambiwa ndiyo, peleka nakala ya barua iliyogongwa muhuri. Ikiwa uwanja ni wa shule, mwalimu mkuu naye apate barua yake na jibu lake liwe la maandishi.

Kwa tarehe, epuka masika ya Machi hadi Mei na mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba, kwa sababu gulio la baiskeli huhitaji nafasi ya wazi ya kuzungusha magurudumu na kujaribu breki. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa zaidi. Vikundi vingi hupenda siku zilizo karibu na tarehe 3 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, na hilo husaidia kuomba uwanja bila malipo. Jumamosi huwafaa wengi, kwa kuwa haigongani na sala ya Ijumaa wala ibada ya Jumapili.

Hatua ya 2: Zungumza na mafundi wa mtaa kabla ya kutangaza

Fundi anayekaa chini ya mwembe na boksi lake la spana anaishi kwa kuuza tyubu, kubadilisha gololi na kuziba panchi. Akisikia kwamba kikundi fulani kinagawa vifaa, ana haki ya kuingiwa na wasiwasi. Mfuate, mweleze, na umwombe awe mmoja wa wakaguzi kwa ujira mliokubaliana mapema na unaolipwa siku hiyo hiyo. Nasema ujira, wala si asante na soda, kwa sababu fundi anayefunga kijiwe chake Jumamosi amefunga siku yenye wateja wengi kuliko zote. Kiingilio kidogo kwa kila mtu, kinachotangazwa mapema, hutosha kugharamia jambo hili.

Kuna faida ya pili ambayo huonekana baadaye. Mtu akipata gurudumu la nyuma kwenye gulio, bado atahitaji mtu wa kulifunga, kulinyoosha na kurekebisha breki. Mafundi waliokuwepo siku hiyo huondoka na kazi za wiki nzima.

Hatua ya 3: Weka viwango vya kuponi

Usiruhusu watu wabadilishane mkono kwa mkono. Mwenye kiti anayetafuta tairi ni nadra kumkuta mwenye tairi anayetafuta kiti, na wakikutana hubishana hadi jua kuzama. Kila anayeleta kitu apewe kuponi, kisha azitumie kuchukua chochote kilichopo uwanjani. Viwango vifuatavyo vinaweza kukufaa kama mwanzo:

- Kuponi 1: tyubu, kengele, waya wa breki, jozi ya mipira ya breki, taa ndogo.
- Kuponi 2: tairi, cheni, kiti, jozi ya pedeli, pampu ya mkono, karia, jozi ya madigadi.
- Kuponi 5: gurudumu la mbele au la nyuma, kranki kamili (mikono ya chuma inayoshika pedeli).
- Kuponi 10: fremu yenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele).
- Kuponi 15: baiskeli nzima ya mtoto inayotembea.
- Kuponi 25: baiskeli nzima ya mtu mzima inayotembea.

Kitu kizuri hupata kiwango kamili, na kitu kilichochakaa lakini bado salama hupata nusu, huku kuponi za nusu zikichapwa kwa rangi nyingine. Muhimu ni kwamba kiwango kilichotumika kupokea ndicho kitumike kutoa, na kiandikwe kwenye lebo ya kitu chenyewe ili mtu wa lango la kutokea asilazimike kukisia.

Wasio na kitu cha kuleta waruhusiwe kuja. Wanafunzi na vijana wa kazi za mizigo ndio wanaohitaji gulio kuliko wengine, na wanaweza kupata kuponi kwa kufanya kazi: kusafisha cheni kwa mafuta ya taa, kubeba meza, kufagia. Hata hivyo kuponi hizo lazima ziwe na vitu nyuma yake. Kabla ya siku, omba watu watoe vifaa kama mchango bila kudai kuponi, hesabu thamani yake, na utoe kuponi za kazi zisizozidi hesabu hiyo. Mkitoa kuponi za wahudumu kwa moyo mkunjufu bila hesabu, saa ya mwisho mtakuwa na watu wameshika karatasi mbele ya meza tupu, na hasira yao itakuwa ya haki.

Hatua ya 4: Tangaza mnachopokea na msichopokea

Tangazo liseme siku, saa, mahali, kiingilio, na orodha fupi ya vinavyokataliwa. Vinavyokataliwa ni hivi: helmeti zilizotumika, tairi lenye waya uliojitokeza au ubavu uliopasuka, usukani wa alumini uliowahi kupinda, fremu au foku yenye ufa, na baiskeli au fremu ambayo namba yake imesuguliwa.

Kuhusu helmeti, watu hulalamika, kwa hiyo ni vizuri uwe na jibu. Povu gumu lililo ndani ya helmeti hufanya kazi kwa kubonyea mara moja wakati wa ajali, na halirudi katika hali yake. Ganda la nje linaweza kung'aa kama jipya ilhali povu limekwisha kazi, na hakuna mtu kwenye meza anayeweza kuyajua maisha ya helmeti iliyopita mikono mitatu kabla ya kufika Kariakoo. Mimi sipokei hata moja, na sijaona sababu ya kulegeza sharti hilo.

Nguo, glavu na viatu zipokewe zikiwa zimefuliwa na kukauka. Kaptula zenye sponji ya ndani zisipokewe.

Hatua ya 5: Kagua kila kitu mlangoni

Mapokezi yafunguliwe saa 2 asubuhi na yafungwe saa 4 kamili. Kila kitu kinapofika, mtu wa daftari aandike jina la mleta, namba ya simu na maelezo ya kitu, na kwa baiskeli nzima au fremu aandike pia namba iliyogongwa kwenye chuma. Geuza baiskeli juu chini: mara nyingi namba iko chini ya bomba fupi ambamo ekseli ya kranki hupita. Ikiwa mahali hapo pamesuguliwa kwa msasa au kupigwa nyundo, ikatae kwa adabu na bila kumtuhumu aliyeileta, kwa kuwa huenda naye aliuziwa hivyo. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kikundi kitakachogundulika na baiskeli iliyoibwa kitapoteza imani ya mtaa mzima. Daftari hilo lina namba za simu za watu, kwa hiyo likae mikononi mwa mtu mmoja na lisipigwe picha.

Baada ya daftari, fundi akague usalama. Kwenye fremu, afute vumbi na kutazama kwa makini maungio ya karibu na usukani, hasa upande wa chini, na pale ncha za nyuma zinaposhika ekseli. Rangi iliyojikunja kama ngozi iliyolegea karibu na usukani inaonyesha kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele, hata kama hakuna ufa unaoonekana. Foku itazamwe kwa ubavu, na ikiwa imerudi nyuma kuelekea kranki, imepinda. Kwa baiskeli za mizigo, angalia zaidi pale karia inapofungwa, kwa sababu magunia ya mkaa na madumu ya maji huchosha chuma hapo kabla ya mahali pengine popote.

Gurudumu lizungushwe likiwa limeshikwa kwa ekseli. Likitoa mkwaruzo au likicheza kushoto na kulia, gololi au vikombe vyake vimeisha, na hilo si sababu ya kulikataa, ila lipewe nusu na lebo iseme hivyo. Pitisha kidole kwenye ukuta wa ringi mahali breki inaposhika: ukihisi umebonyea kama sahani, chuma kimelika na ringi hiyo inaweza kupasuka tairi likijazwa upepo. Hiyo ikataliwe.

Tahadhari: usimruhusu mleta akusogezee kitu kwa maneno kwamba "kinahitaji kurekebishwa kidogo tu." Kama kinarekebishika, arekebishe pale pale kwenye meza ya fundi kisha akilete tena.

Hatua ya 6: Pima na uandike

Hapa ndipo penye kazi ya kweli, na ndipo wanaoanza hupafanyia haraka.

Matairi na ringi. Usiamini maneno "inchi 26" au "inchi 28" peke yake. Tafuta kwenye ubavu wa tairi namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 54-559. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Namba ya pili ndiyo inayoamua kila kitu. Tairi la inchi 26 la baiskeli ya milimani ni 559, lakini tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, ambalo huja sana na baiskeli za mjini kutoka Japani, ni 590. Yote mawili huitwa 26, na hakuna nguvu ya mikono itakayolifanya moja likae mahali pa jingine. Vivyo hivyo, tairi la inchi 28 la baiskeli nzito za mizigo, 28 x 1 1/2, ni 635, ilhali tairi la 700C, ambalo Ulaya nalo huitwa 28, ni 622. Baiskeli za milimani zinazoitwa 29 zinatumia 622 pia, na zile za 27.5 ni 584. Za watoto, 20 ya kawaida ni 406 na 24 ya milimani ni 507.

Hatari kubwa iko kati ya 622 na 635. Tairi la 635 huingia kwenye ringi ya 622 kwa urahisi unaofurahisha, mtu hulijaza upepo, hupanda, na kwenye kona ya kwanza tairi huchomoka. Kwa sababu hiyo tunaweka ringi nne tupu mezani, za 559, 590, 622 na 635. Tairi ambalo maandishi yake yamefutika linajaribiwa kwenye ringi hizo moja baada ya nyingine hadi lipatikane linapokaa sawasawa pande zote, na namba inaandikwa kwenye utepe kwa maka peni nene. Usiruhusu lebo inayosema "26" bila namba ya pili.

Breki. Baiskeli nyingi za mizigo zina breki za fimbo, ambazo mipira yake huvutwa juu kugusa upande wa ndani wa ringi. Ringi za namna hiyo zina kingo za mviringo zisizo na ukuta bapa, kwa hiyo breki za kubana za waya haziwezi kuzishika. Andika kwenye lebo ya gurudumu "breki ya fimbo" au "breki ya waya". Gurudumu zuri kabisa lisilo na maneno hayo ni mtego.

Magurudumu ya nyuma. Pima nafasi kati ya nati za ndani zinazogusa fremu. Baiskeli za gia moja huwa karibu milimita 110 au 120, za gia za barabarani 130, na za milimani mara nyingi 135. Andika pia kama meno yamefungwa kwa friiwili ya kukaza (inayozungushwa kwa nyuzi kwenye kitovu cha gurudumu) au kwa kaseti (inayochomekwa juu ya kitovu hicho).

Tyubu na valvu. Jaza upepo, zamisha kwenye beseni na ugeuze polepole mpaka uione tyubu nzima. Ikiwa na viraka zaidi ya vitatu, iende kwenye rundo la mipira ya kufungia mizigo, ambako bado ina kazi njema. Andika aina ya valvu: nene kama ya pikipiki, ya zamani yenye kipira cha ndani, au nyembamba yenye nati ndogo juu. Valvu nene haiingii kwenye tundu la ringi lililotobolewa kwa valvu nyembamba.

Cheni. Laza cheni iliyosafishwa, weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja, na utazame alama ya inchi 12. Kwenye cheni mpya pini nyingine iko pale pale kwenye alama. Ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi, cheni imechoka na inapata nusu. Ikiwa imepita kwa 1/8, itupwe, kwa maana itayala meno ya mtu mwingine. Tenga pia cheni pana za gia moja, zenye nafasi ya ndani ya inchi 1/8, na zile nyembamba za gia nyingi.

Pedeli. Zipokewe kwa jozi, moja yenye herufi R na nyingine L, kwa sababu ya kushoto ina nyuzi zinazokazwa kinyume. Anayefunga pedeli ya kulia upande wa kushoto ataharibu kranki, na kranki ni kuponi 5. Wafundishe watu kanuni rahisi: spana ikiwa imesimama juu ya ekseli ya pedeli, pande zote mbili hukazwa kwa kuivuta kuelekea mbele ya baiskeli.

Nguzo ya kiti na usukani. Tumia venia kalipa. Nguzo za 25.4 na 27.2 ni za kawaida, lakini zipo nyingine nyingi kati yake, na tofauti ya milimita 0.2 inatosha kuifanya nguzo iteleze au igome kuingia. Sehemu ya katikati ya usukani huwa 25.4 kwenye baiskeli nyingi, na 31.8 kwenye zile za miaka ya karibuni.

Hatua ya 7: Panga uwanja kwa namba

Panga matairi na magurudumu kwa namba ya pili, kwa maana 559 pamoja, 590 pamoja, na kuendelea, kisha uandike namba hiyo kwenye kadibodi kubwa inayoonekana kwa mbali. Vidogo vikae kwenye masanduku juu ya meza. Baiskeli nzima ziegemezwe ukutani, karibu na eneo la kujaribia. Meza ya fundi iwe katikati, si pembeni, ili mtu amfikie kabla hajafanya uamuzi.

Hatua ya 8: Fungua, na mfungue kwa utaratibu

Fungua saa 4 na nusu. Kwa saa nzima ya mwanzo, mtu mmoja asichukue zaidi ya matairi mawili na gurudumu moja, hata akiwa na kuponi za kutosha, la sivyo wachuuzi wawili wataondoka na meza nzima kabla ya mama aliyekuja na mtoto wake hajafika kwenye kadibodi ya 406. Waambie watu tangu wiki moja kabla waje na baiskeli yenyewe, au angalau na tairi la zamani au picha ya namba zake. Asiye na kipimo apelekwe kwanza kwa fundi.

Kwenye lango la kutokea, mhudumu asome lebo, apokee kuponi, azichane mbele ya mtu, na akate kona ya lebo kuonyesha kwamba kitu kimeshatoka. Baiskeli nzima isitoke mpaka fundi ajaribu breki na kukaza usukani, kiti na nati za magurudumu.

Hatua ya 9: Funga

Saa 7 na nusu mchana, tangaza kwamba vilivyobaki vinatoka kwa nusu ya kuponi. Saa 8 funga. Chuma kisichofaa kiende kwa wanunuzi wa chuma chakavu na fedha yake iingie kwenye malipo ya mafundi. Matairi yasichomwe moto. Vifaa vizima vilivyobaki viandikwe upya kwenye daftari na vihifadhiwe kama mtaji wa gulio lijalo, au vikabidhiwe kwa shule ambayo wanafunzi wake huja kwa baiskeli.

Mambo yakikwama

Vitu vilivyoletwa ni vichache mno. Usifute siku hiyo. Ibadilishe kuwa siku ya ukaguzi na kuziba panchi, wape walioleta vitu kuponi zenye tarehe ya gulio lijalo, na utumie daftari kujua watu wanatafuta vipimo gani, ili mtangaze mahitaji hayo kwa majina yake.

Baiskeli za watoto ni nyingi na matairi ya watu wazima hayapo. Hili hutokea mara nyingi, kwa kuwa watoto hukua kabla baiskeli zao hazijachakaa. Punguza kuponi za kuchukua baiskeli ya mtoto kutoka 15 hadi 10 siku hiyo, na gulio lijalo waambie mafundi mapema kwamba mnatafuta 559 na 635.

Mleta hakubali kiwango alichopewa. Mpe nafasi ya kurudi na kitu chake. Asibishaniwe mezani mbele ya foleni, na kiwango kisipandishwe kwa sababu ya sauti kubwa, maana aliye nyuma yake anasikiliza.

Mtu anadai kuiona baiskeli yake iliyoibwa. Isimamishe baiskeli hiyo mara moja, isitoke kwa yeyote. Linganisha namba ya fremu na risiti au taarifa yake ya polisi kama anayo, kisha mpigie mtu aliyeileta kwa namba iliyo daftarini. Wakikosa kuelewana, mjumbe wa serikali ya mtaa aitwe, na suala liende polisi pamoja na daftari. Kikundi kisijifanye mahakama.

Kitu kimeharibika siku ya pili. Tangazeni tangu awali kwamba kitu kinarudishwa ndani ya siku saba kwa kosa la lebo tu: tairi lililoandikwa 559 likabainika kuwa 590, au cheni iliyopewa kiwango kamili ilhali imechoka. Hapo aliyerudisha apewe kuponi zake zote, na anayesimamia vipimo aelezwe ni lebo ipi iliyokosewa. Uchakavu wa kawaida haurudishwi.

Mvua imenyesha. Funikeni kwa maturubai kwanza cheni, kaseti na masanduku ya gololi, kisha magurudumu. Matairi na fremu zilizopakwa rangi zinaweza kungoja. Cheni zilizolowa zifutwe na kupakwa mafuta jioni ile ile, kwa kuwa hewa ya pwani yenye chumvi itaziotesha kutu kabla ya Jumatatu.